Mama Pacha na Simu Zinazokataa Mikono ya Kazi

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Mlango wa kioo wa duka la simu bado umefungwa, na nje watu watano wameshapanga foleni, kila mmoja na boksi jeupe mkononi. Ndani, mwanamke mfupi mwenye sketi ya bluu analowesha sponji kwenye kibakuli, anaikamua na kuiweka kando ya meza yake. Kisha anafuta kioo cha meza ambacho tayari kinang'aa.

"Wenye maboksi ni wangu," anasema bila kuinua macho. "Wanaokuja mikono mitupu ni wa wenzangu."

Wenzake ni wauzaji, vijana wenye fulana za kampuni na tabasamu lisiloisha chaji. Wao wako mbele, penye puto na muziki. Yeye yuko mwisho kabisa wa duka, jirani na stoo, kwenye meza ya kurudishia simu. Dukani na mtaani anajulikana kama Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili wanaosoma sekondari.

Mlango unafunguka. Mteja wa kwanza ni msusi wa nywele, na anaanza kulalamika kabla hajakaa. Simu haijamaliza hata miezi miwili, anasema. Asubuhi inamkubali, mchana inamkana kana kwamba hawajawahi kuonana. Mama Pacha haigusi simu. Anamsalimia kwa kumpa mkono, na ule mkono wa mgeni anaukawiza kidogo ndani ya wake.

"Unawapaka watu dawa ya nywele?" anauliza.

"Kila siku."

"Bila glovu?"

Msusi anacheka kwa aibu. Glovu zinamchelewesha, anasema, na wateja hawana subira. Mama Pacha anamsogezea sponji, anamwelekeza aloweshe ncha ya kidole, atulie kidogo, ajaribu tena. Simu inafunguka. Kisha anamsajilia alama upya, safari hii ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho dawa hukifikia kwa nadra. Msusi anaondoka na boksi lake kifuani.

Hivyo ndivyo siku inavyokwenda. Wenzake humtania kwamba ni mganga wa viganja, na siku moja walimletea kigoda na kitambaa chekundu ili mambo yakamilike. Mama Pacha alicheka hadi machozi yakamtoka, akakaa juu ya kigoda dakika nzima, halafu akakirudisha stoo.

Mwaka jana meza hii haikuwapo. Mwanzoni mwa mwaka huu kampuni ilitoa simu isiyo na kitufe hata kimoja, inayofunguliwa kwa alama ya kidole. Ukutani likapandishwa bango kubwa lenye maneno manne: "Ufunguo Wako Ni Wewe." Pamoja na bango ukaja utabiri wa soko kutoka makao makuu. Kabla mwaka haujaisha, ulisema, wanunuzi wanane kati ya kumi wataichagua simu hiyo, na simu za vitufe hazitakuwa na mwenyewe. Ramli ikapigwa, na maduka yote yakaagizwa kuziondoa simu za vitufe rafuni.

Haki isemwe: ramli haikukosea yote. Simu inauzika. Siku ya makala haya, msichana wa chuo alikuwa akiichezea moja pale mbele, akasema tangu anunue yake hajui tena namba ya siri ni kitu gani, na hatamani kukumbuka. Dereva mmoja wa teksi aliisifia kamera, akailaumu spika kwa kuwa na sauti ya mgonjwa, kisha akanunua ya pili kwa ajili ya mkewe.

Lakini wapo wale ambao utabiri uliwaruka. Waashi, madobi, wavunja kokoto, wauza samaki, mama wanaosugua masufuria ya watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Saruji, sabuni na majivu vimewalamba ncha za vidole mpaka zikabaki laini kama kigae, na simu ikitafuta alama haioni kitu. Mzee mmoja aliyekuja na boksi lake juzi alimwambia Mama Pacha kwamba yeye amekula chumvi nyingi, na inaelekea chumvi nayo imemla vidole.

Si wote wanaokuja na mzaha. Wengi huja wamefura. Wanaamini wameuziwa bandia, au wamepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mtu wa kwanza wanayemkuta ndiye anayeoga matusi. Mama Pacha huwaacha wamalize. Anasema mtu aliyekataliwa na kitu alichokinunua kwa pesa yake ana haki ya kupandisha sauti kidogo.

Ujuzi wake hakuupata darasani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa dobi wa nyumba kwa nyumba, anafua kwa mikono, na vidole vyake mwenyewe simu ya kampuni inavikubali kwa kusuasua. Aliajiriwa hapa kama mfagiaji. Meneja alipomwona mara tatu nne akiwasaidia wateja waliokuwa wakibishana mlangoni, alimpa meza. Mshahara, anasema, unalipa kodi ya vyumba viwili na ada ya pacha, na haubakizi cha kuringia.

Fundi wa duka anaijua vizuri sababu ya vidole kukataliwa. Ndiye aliyemshauri Mama Pacha kuhusu kidole cha mwisho. Na si kila mara sponji inafaulu. Kuna siku watu sita kati ya kumi wanaondoka bila kusaidika, na simu inabaki dukani ndani ya boksi lake.

Mkono mmoja tu ndio ambao Mama Pacha hakuusoma kwa wakati. Ulikuwa wa kaka yake.

Huyo kaka ni fundi wa kupiga lipu. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akaenda kubeba zege ili mdogo wake aendelee kula na kuvaa. "Kwa kuzaliwa ni kaka yangu," anasema Mama Pacha. "Kwa malezi ni baba, na hapo sina zaidi ya kusema." Wamekuwa chanda na pete tangu hapo, ingawa wanaishi pande mbili za jiji.

Mapema mwaka huu kaka alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika mguu. Akalala nyumbani miezi miwili. Alipoanza kutembea kwa gongo, Mama Pacha alimchukua akamleta dukani amchagulie simu mpya, kumpa pole na kumchangamsha. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshika kidole gumba na kukiweka juu ya kioo. Simu ilifunguka kwa mguso wa kwanza. Vijana wa fulana wakapiga makofi.

"Alicheka kama mtoto," anakumbuka Mama Pacha. "Akaniambia, mdogo wangu, hii simu imenipenda."

Simu yake ya zamani, ya vitufe, aliiacha pale pale dukani ili apunguziwe bei. Ilikuwa nzima. Mama Pacha ndiye aliyemshawishi aiache, akimwambia mambo ya vitufe yamekwisha, maana hivyo ndivyo walivyokuwa wameambiwa wafanyakazi wote. Namba ya siri ya akiba waliiweka pia, harakaharaka, na hakuna aliyeitia akilini. Bango lilikuwa limeshasema haitahitajika.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na mtu yeyote angelifanya. Miezi miwili ya kulala ilikuwa imeiponya na mikono. Ngozi ya vidole ilirudi, mistari ikarudi, na simu ikasajili mkono wa mtu aliyepumzika. Wiki chache baadaye kaka alirudi kwenye lipu. Saruji ikafanya kazi yake, na kabla mwezi haujaisha simu haikumjua tena.

Mama Pacha hakujua lolote. Alichojua ni kwamba simu za kaka yake zimekoma.

Kati ya hawa wawili kuna utaratibu wa miaka mingi. Anayepiga ni kaka. Alishasema kwamba yeye akiwa hai na ana nguvu, salio la mazungumzo yao ni juu yake. Mdogo mtu akiwa na neno, anabipu: mlio mmoja, anakata, kisha anakaa mkao wa kusubiri. Haipiti muda, kaka anapiga. Hata siku za harusi na misiba wamepeana habari kwa njia hiyo.

Jumapili ya kwanza Mama Pacha alibipu, kaka hakupiga. Akasema labda yuko kazini. Jumapili ya pili akabipu tena. Kimya. Ya tatu, kimya. Akaanza kujisaka makosa. Akakumbuka kwamba kaka alipoanza kazi tena, yeye hakwenda kumjulia hali; pacha walikuwa na mitihani, siku zikapita. Akaamini kaka yake amenuna.

Mumewe alimwambia apige tu, aiache simu iite. Mama Pacha hakuweza. Kumpigia kaka na kuzungumza naye kwa salio lake yeye mdogo kungekuwa kama kumwambia umeshindwa kunitunza, na hilo asingethubutu kumtamkia hata kwa mlio wa simu. Hivyo akaendelea kubipu, na kila Jumapili moyo ukazidi kumwingia baridi. Anakiri kwamba alilia, na kwamba alikuwa akilia bafuni ili watoto wasione.

Upande wa pili wa jiji, kaka alikuwa akiziona bipu zote. Simu inayofungwa kwa kidole haimzuii mwenyewe kupokea, inamzuia kupiga. Kwa hiyo alichoweza kufanya ni kuiwahi kabla haijakatika.

"Nilikuwa nakaa nayo Jumapili nzima, kidole juu ya kioo, nasema leo nitaiwahi," anasimulia mwenyewe, akiwa ameketi juu ya mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. "Ikilia tu, imekata. Huyu mdogo wangu ana mkono mwepesi, sijapata kuona. Na hicho kioo nacho mpaka kinisikie, shughuli imeisha."

Namba ya mdogo wake hakuwa nayo kichwani. Ilikuwa ndani ya simu, nyuma ya mlango uliomkataa. Kuwaambia vijana anaofanya nao kazi kwamba simu imemkana aliona haya. Nyumbani kwa mdogo wake alisita kwenda, maana angemwambia nini shemeji yake, kwamba mtu mzima ameshindwa na kidude cha kiganjani? Simu akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka chini ya nguo.

Mambo yangeweza kwenda mrama kwa muda mrefu zaidi, kama asingekuja mteja mmoja, naye fundi lipu, mwenye boksi jeupe na kofia yenye vumbi. Alieleza kwamba simu alisajiliwa akiwa nyumbani anaugua homa, ikafanya kazi vizuri, na aliporudi kazini ikamsusa. Mama Pacha alimpa mkono kama kawaida yake. Kiganja kilikuwa kigumu pale pale kiganja cha kaka yake kilipo kigumu, chini ya kidole gumba, mahali panapokaa mpini wa mwiko.

"Nilisahau kumwachia mkono," anasema. "Nikamuuliza, sasa ndugu yangu, mtu akikubipu unafanyaje?"

Mteja alimjibu: "Natazama tu, dada."

Mama Pacha aliomba ruhusa ya nusu siku. Meneja, kijana mwenye miaka thelathini na kitu, anasema hakuuliza sababu kwa sababu alimwona usoni.

Alimkuta kaka yake kwenye jengo analofanyia kazi, ghorofa ya pili, anapiga lipu ukuta wa ngazi. Alimsubiri ashuke. Wakaamkiana, shikamoo na marahaba, halafu kila mmoja akatazama ndoo ya maji. Ni Mama Pacha aliyeanza. Alimuuliza kwa nini hakumwambia, wakati duka analijua na mlango anaujua.

"Nilikuja," kaka alisema. "Nilisimama nje ya kioo. Nikakuona unatukanwa na bwana mmoja, anakupungia simu kama hii yangu usoni, na wewe umeinamisha kichwa. Nikasema, wa kumtukana mdogo wangu leo wametosha. Nikarudi."

Mama Pacha anaisimulia sehemu hiyo polepole. Anaikumbuka ile siku. Kulikuwa na siku nyingi za namna hiyo, lakini anadhani anaikumbuka. Hakumwona mtu nje ya kioo.

Pale chini ya ngazi walijaribu kila njia. Walinawa, walilowesha, walipaka mafuta, walisubiri. Kidole gumba kiligoma. Kesho yake fundi wa duka aliifungua kwa risiti na kitambulisho, na kaka akaweka namba ya siri mpya, ambayo anasema hatamtajia mtu, hata mwandishi wa gazeti aliyekuja kwa heshima zote. Sasa anapiga. Siku ya kwanza alipiga mara nne, mara ya nne akiwa hana la kusema.

Hata hivyo simu hajaisamehe. Kila akiishika, inamwomba kidole kwanza, na kikishindwa ndipo inapomkubalia aandike namba. "Inaniuliza mimi ni nani, kila mara," anasema. "Bango linasema ufunguo wangu ni mimi. Basi mimi nimepotea tangu mwezi wa nne." Aliomba arudishiwe ile ya vitufe. Haikuwapo dukani, wala nyingine ya aina yake. Ziliondolewa.

Meneja hakatai kwamba kuna tatizo, na hapendi kampuni ipakwe matope. Anasema hakuna aliyedanganya mteja, na utabiri ulifanywa na watu makini. "Ulihesabu watu na umri wao na vipato vyao," anasema. "Nadhani haukuuliza wanafanya kazi gani kwa mikono yao. Hata mimi nisingeuliza."

Sasa makao makuu yameona kwamba simu zinazorudi ni nyingi kuliko walivyotazamia, na Jumatano ijayo wanatuma ujumbe wa watu watatu. Barua yao inasema huenda watumiaji hawajazoea, na kwamba wanafikiria kuondoa meza kama ya Mama Pacha na kuweka mashine ya kujihudumia. Mashine yenyewe ni ya kugusa kioo kwa kidole.

Mama Pacha ameombewa nafasi ya kuzungumza mbele yao. Meneja amemtahadharisha kwa upole kwamba wageni wa namna hii hupenda habari njema. Hilo linamtia hofu, na haifichi. Akikosea maneno, meza inaweza kuondoka naye akiwa juu yake, na pacha bado wana miaka miwili ya shule. Lakini amepiga moyo konde. Anataka kuwaomba mambo mawili: mteja asisajiliwe kidole kabla hajaulizwa kazi yake na lini mara ya mwisho aliifanya, na rafu moja ya simu za vitufe irudi, hata kama ni ya chini kabisa, karibu na ufagio.

Maneno peke yake anahisi hayatatosha. Watu hao wamesoma maneno mengi. Kwa hiyo amemwomba kaka yake aje, na kaka amekubali, ingawa kwa roho nzito. Kuingia tena katika duka lile, mbele ya wakubwa, na kukataliwa na simu watu wakiangalia, si jambo dogo kwa mwanamume wa heshima zake.

Saa saba mchana foleni inapungua. Mama Pacha anaibadilisha sponji maji, anakaa, anakunja miguu chini ya kiti. Simu yake inaita. Anaitazama, anatabasamu, anapokea.

Ni kaka. Anauliza Jumatano ni saa ngapi, avae lile shati jeupe au la bluu, na kama kutakuwa na mahali pa kukaa, mguu bado unamsumbua akisimama. Halafu anasema jambo lililomfanya apige. Amefikiri sana, anataka kumwomba msimamizi likizo kuanzia kesho, siku zote mpaka Jumatano. Mikono itulie, vidole virudi kidogo, simu imkubali mbele ya wakubwa. Asije akamtia mdogo wake aibu.

Mama Pacha anaondoa simu sikioni, anaiangalia kidogo, anairudisha. Machozi yamemjaa machoni, na hafanyi juhudi ya kuyaficha.

"Kaka," anasema, "nenda kazini. Jumatano piga lipu mpaka saa ya kuja, halafu njoo moja kwa moja. Usibadilishe nguo."

Upande wa pili anaulizwa kitu.

"Hapana," anasema Mama Pacha. "Usinawe."